Amina Kutoka Mshtarii

1

Amina za karibu zilikuja kwanza, kama kawaida. Za waliokaa kwenye mabenchi zilitoka pamoja, nzito, na mbao za dari zikazipokea. Zikafuata za wagonjwa waliokuwa vitandani Kyela na Tukuyu, za wanafunzi walioko Mbeya, na ya nesi mmoja aliyehamia Muscat. Kila moja ilitoka ndani ya shali yake.

Shali hizo zilikuwa zimekunjwa na kupangwa kwenye benchi la mbele. Katika Ushirika wa Itekelo, kama wanavyoliita kanisa lao, benchi hilo huitwa benchi la walio mbali. Kila muumini asiyeweza kufika kanisani alifumiwa shali mbili siku moja, kwa uzi mmoja. Moja aliivaa huko aliko, nyingine ilikaa kwenye benchi badala yake. Akisema, shali ya kwenye benchi ilisema. Akivuta pumzi, ilipanda na kushuka kidogo, kama kifua cha mtoto aliyelala. Joto lake lilipita katika uzi, na mtu akiweka mkono juu ya shali alijua kwamba mwenzake yupo.

Atupele Mwasongwe alisimama nyuma ya benchi hilo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzee wa kanisa aliyekabidhiwa kazi ya kuzitunza shali. Kazi hiyo aliisomea ukubwani katika darasa la jioni, akiwa ametoka kuchuma chai mchana kutwa, na mpaka leo hakuwahi kuwasha mtambo wa shali bila kuomba kwanza. “Bwana, hizi ni nyuzi tu,” alizoea kusema. “Pita wewe.”

Baada ya kitambo kifupi, Amina ya kijana wa Mwezini ikafika. Kisha kanisa likanyamaza kuingoja ya Mshtarii.

Kungoja huku kulianza kwa ahadi. Ambokile, mtoto wa pekee wa Bibi Syabumi, alikuwa wa kwanza kutoka Itekelo kwenda kufanya kazi nje ya dunia. Alikuwa fundi wa mabomba ya hewa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa Mwezini. Siku ya kumuaga, mama yake alisimama mbele ya meza ya Bwana akasema, “Mwanangu, sala yetu haitafungwa mpaka Amina yako ifike.” Kanisa lote likaitikia. Ilikuwa ahadi nyepesi. Kwenda na kurudi kutoka Mwezini, sauti haikuzidi pumzi moja ndefu. Tangu siku ile Mchungaji hakutoa baraka ya kufunga ibada mpaka Ambokile aitikie, na hakuna aliyetoka kabla ya baraka. Hakuna pia aliyefikiria kuuliza kama Mwezi ndio mwisho wa safari yake.

Haukuwa mwisho. Ambokile alipanda chombo kilichokwenda kutafuta maji kwenye miezi ya barafu ya Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Kila Jumapili Amina yake ilichelewa kidogo zaidi. Walingoja muda wa ubeti mmoja, kisha wimbo mzima, kisha muda wa ndizi kuiva jikoni. Siku hizi sala ilipaa kwa mwendo wa nuru, mwendo usiopitwa na kitu chochote kilichoumbwa, na bado ilikuwa safari ndefu. Na Amina ilikuwa na safari hiyohiyo ya kurudi. Karibu saa moja na nusu, watu walikaa macho yamefumbwa, sala ikiwa wazi kama mlango.

“Huyu mwanao angekwenda Chunya tu, sasa hivi tungekuwa tunakunywa chai,” alinong'ona mama mmoja nyuma ya Bibi Syabumi.

“Chunya hakuna barafu,” Bibi Syabumi akajibu bila kufumbua macho.

Atupele alitabasamu. Akaendelea kupitisha mkono juu ya shali, moja baada ya nyingine, kama mama apitavyo usiku kuwafunika watoto. Alipofika kwenye shali ya Mzee Angolwisye, mkono wake ukasimama.

Mzee Angolwisye ndiye aliyeyachonga mabenchi ya kanisa hili enzi za ujana wake. Sasa alikuwa mgonjwa kitandani kwa binti yake Lugano, kule Kyela. Asubuhi shali yake ilikuwa na joto, na Amina yake ilikuwa imetoka vizuri pamoja na za wengine. Sasa haikupanda wala kushuka. Uzi ulikuwa unapoa chini ya vidole vya Atupele.

Ndani ya shali ikasikika sauti ya mwanamke, ya chini, karibu sana.

“Baba. Baba, amka. Hawajamaliza.”

Kanisa lote lilisikia. Mchungaji Gwakisa alisimama, akafumbua mdomo, akaufumba tena. Walikuwa tayari ndani ya sala. Hapakuwa na sala nyingine ya kuanza. Bibi Syabumi ndiye aliyeanzisha wimbo wa kuwasindikiza wanaoondoka, taratibu, na wengine wakauchukua kwa sauti ya chini ili wasizifunike sauti za Kyela, ambako mtu alikuwa analia.

Waliimba mpaka nyimbo wanazozijua zikaisha, wakarudia ya kwanza. Ndipo shali ya Ambokile ikapata joto. Akakohoa kidogo, kama alivyozoea tangu utoto kabla ya kusema jambo mbele za watu.

“Amina,” alisema.

Atupele akapiga hesabu ya njia. Ambokile alikuwa anaitikia sala ambayo Mzee Angolwisye aliisali akiwa hai. Alipoitikia, habari za mauti ya yule mzee zilikuwa bado njiani, hazijamfikia. Dunia ilikuwa imeshampoteza, na kule Mshtarii alikuwa bado anapumua.

Mchungaji akatoa baraka. Shali moja haikuipokea.

2

Walimzika Itekelo, nyuma ya kanisa, mahali alipozikwa mkewe. Watu walipokwisha kutawanyika, Lugano alimfuata Atupele akiwa ameshika shali ya baba yake, ile aliyokuwa akiivaa.

“Ichukueni,” alisema. “Ni mali ya kanisa.”

“Si mali ya kanisa, mdogo wangu. Ni ya baba. Kaa nayo.”

“Nikae nayo nifanye nini? Inifunike?” Lugano hakupandisha sauti. “Dada Atupele, wewe ulikuwepo. Baba yangu alitaka baraka tu. Alijua anakwenda. Aliniambia, nishikilie mpaka Mchungaji anyanyue mikono. Na Mchungaji alikuwa nayo ile baraka mdomoni, imekaa, imengoja. Baba amekufa akingoja Amina ya mtu mwingine.”

Atupele alitaka kusema kwamba mzee alifia ndani ya sala, na kwamba yeye mwenyewe angependa kufa hivyo. Lakini hilo ni neno ambalo mtu hujisemea mwenyewe. Humwambii mfiwa. Akaipokea shali kwa mikono miwili.

“Jumapili ya Pasaka jina lake litasomwa,” alisema. “Utakuja?”

“Kwa ajili ya jina lake nitakuja. Kungoja, nimeshangoja.”

Jioni ile wazee wa kanisa wakakutana, na baada ya kikao Mchungaji Gwakisa akamsindikiza Atupele kwenye njia ya mashamba ya chai. Mchungaji alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Chini ya kwapa alibeba kisanduku kilichofunikwa kitambaa.

“Wameamua,” alisema. “Na mimi nimekubali. Alfajiri ya Pasaka tutawasha Mwangwi.”

Atupele alikijua kisanduku kile kwa sifa. Makanisa mengine ya jimbo yalikuwa nacho. Mwangwi ulisikiliza kila neno ambalo muumini aliwahi kulisema kupitia shali yake, ukajifunza sauti yake, pumzi yake na joto lake. Sala ilipokwisha, uliitikia kwa sauti yake papo hapo. Watu waliousikia walisema hakuna awezaye kutofautisha.

“Baba Mchungaji, huo ni uongo ndani ya sala.”

“Nami nilisema hivyo. Kisha nikajiuliza.” Mchungaji alisimama. “Miaka yote hii Ambokile amewahi kukosa kuitikia? Hajakosa. Jumapili ataitikia? Ataitikia. Basi tunachofanya ni kuitanguliza tu Amina ambayo ipo.”

“Tunaitanguliza sisi. Yeye hajaisema.”

“Vijana wanahama, Mama Mzee. Wanasema kwetu ibada haiishi. Wazee wanakaa kwenye baridi. Na yule mzee tuliyemzika leo.” Akakihamishia kisanduku kwapa la pili. “Nilikuwa na baraka mdomoni. Naisikia bado, hapa. Unadhani nalala?”

Atupele alikiangalia kile kisanduku. Alimhurumia Mchungaji, na ndani ya huruma hiyo hakuona kosa lake liko wapi.

“Alfajiri ya Pasaka jimbo lote linatusikiliza,” Mchungaji akaendelea. “Sisi ndio tutakaoongoza sala ya makaburini. Siwezi kuwaambia watu wa jimbo zima wakae wakimngoja fundi mmoja wa mabomba.”

Akamkabidhi kisanduku. Hakikuwa kizito.

3

Jumamosi watu wa Itekelo walipanda makaburini na majembe na mafyekeo, kama walivyofanya kila mwaka. Walipalilia, wakapaka misalaba chokaa, wakaweka maua, ili alfajiri ya Pasaka waliolala wakutwe wakiwa safi. Atupele alibaki kwenye chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu. Aliweka shali ya Ambokile juu ya Mwangwi, akaomba kama kawaida yake, lakini alipofika kwenye “pita wewe” maneno yalikwama.

Akakiwasha. Akasali Baba Yetu peke yake, kwa sauti. Alipomaliza, kabla hajavuta pumzi, shali ikapata joto. Ikasikika kikohozi kile kidogo.

“Amina,” ilisema sauti ya Ambokile.

Atupele akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Kila kitu kilikuwemo. Uzito wa herufi ya kwanza, kushuka kwa sauti mwishoni, hata ule mlio hafifu wa mashine za hewa nyuma yake. Mungu amempa mwanadamu akili ya kutisha, aliwaza. Hakujua kama anaogopa au anastaajabu.

“Rudia,” ilisema sauti mlangoni.

Bibi Syabumi alikuwa amesimama pale, mikono ina udongo wa kaburi la mumewe, gauni limelowa umande hadi magotini.

“Bibi, pole na kazi. Sikukuona.”

“Ndaga, asante mwanangu. Rudia hiyo.”

Atupele akamaliza tena sala, na sauti ikaja tena. Bibi Syabumi akasogea, akafuta mikono kwenye kanga yake, akaiweka juu ya shali. Uso wake mzima ukalainika.

“Ni yeye,” alisema.

“Ni mtambo, Bibi. Umejifunza kuwa yeye. Kesho wanataka niuwashe, tusingoje.”

Atupele alitarajia bibi akasirike. Bibi Syabumi akacheka kidogo, akajikalisha kwenye kiti cha Mchungaji bila kuomba ruhusa.

“Basi uwashe. Unafikiri mimi nafurahia kungoja? Magoti yangu hayana adabu tena. Na Angolwisye alikuwa rafiki yetu. Mwanawe ananiangalia kama mimi ndiye niliyemuua. Uwashe, mwanangu. Mama ndiye aliyeahidi, na mama anasema basi.”

Atupele alihisi mzigo ukimtoka mabegani. Mwenye ahadi amemfungua. Akaanza kukunja shali ili aiweke kabatini pamoja na nyingine, tayari kwa alfajiri.

Bibi Syabumi alifika mlangoni, akageuka.

“Lakini ile yake mwenyewe, ile atakayoisema. Itakuja tu?”

“Itakuja, Bibi. Sala itamfikia, ataitikia, na Amina itasafiri kama kawaida.”

“Itafika hapa saa ngapi?”

“Wakati huo ibada itakuwa imekwisha. Nitakuwa nimeshazifungia shali.”

“Kwa hiyo itaingia kabatini.”

“Ndiyo, Bibi.”

“Humo gizani.”

Bibi Syabumi akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, ila kama mtu anayejaribu kuona kitu kilicho mbali. “Haya,” akasema. “Mungu ni mwema.” Akaenda zake kunawa mikono.

Atupele alibaki ameishika shali. Aliliona kabati. Aliiona shali ya juu kabisa, ndani ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, ikipata joto taratibu kwenye rafu. Sauti iliyovuka anga zote zile, ikazipita sayari kwenye giza lisilo na hewa, bila kupotea, ikapita kando ya Mwezi, ikaipata dunia kati ya nyota zote, ikaupata mlima Rungwe, ikalipata kanisa, ikaupata uzi wake. Na kulikuwa hakuna mtu.

Akapiga magoti hapohapo sakafuni. Akaomba bila neno lolote.

4

Alfajiri ya Pasaka ukungu ulikuwa umelala bondeni, na makaburini juu ya kilima palikuwa peupe kwa chokaa mpya. Watu walisimama, walio hai katikati ya waliolala, wakiwa na taa mikononi. Benchi la walio mbali lilikuwa limebebwa na vijana mpaka juu, shali zake zimepangwa. Juu kabisa, upande wa mlima, Mshtarii iliwaka kuliko nyota nyingine zote, tulivu, bila kupepesa.

Atupele alimfuata Mchungaji Gwakisa kando kabla ya kuanza.

“Sikukileta,” alisema.

“Hukuleta nini?”

“Mwangwi. Uko chumbani kwako, juu ya meza. Nimeuacha bila kuuharibu. Ukitaka, bado kuna nafasi ya kumtuma mtu.” Akalitazama benchi la walio mbali. “Baba Mchungaji, mimi siwezi kuufunga mlango halafu Amina ya kweli ije ikute kufuli. Nivue uzee wa kanisa, nitakubali. Ila Lugano naye alisema kweli. Sijui tufanyeje. Nimeomba tangu jana, sijui.”

Mchungaji alimtazama kwa muda. Akatazama watu, akamwona Lugano amesimama peke yake karibu na lango, amejikunyata, hana cha kujifunika. Akatazama lile kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Akarudi mahali pake.

“Bwana amefufuka,” akasema.

“Kweli amefufuka,” kilima kikaitikia, na shali zikaitikia.

Akasoma majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita. Alipolisoma la Angolwisye, Lugano aliinamisha kichwa. Kisha, kabla ya sala, Mchungaji akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa Itekelo. Akanyanyua mikono, akatoa baraka.

Watu walitazamana. Baraka ilikuwa ya mwisho siku zote.

“Nimekuwa nikiifunga baraka nyuma ya Amina,” alisema, “kama mtu anayefungia chakula kabatini wakati wageni wamefika. Baraka haingoji. Mmeshaipokea, ninyi mlio hapa na ninyi mlio vitandani. Sasa tutasali. Anayetaka kuondoka baada ya hapo aende kwa amani, chai iko tayari chini. Anayetaka kungoja, angoje. Lakini sala hii haitafungwa mpaka Amina ya mbali ifike. Tuliahidi.”

Wakasali. Amina za kilimani zikatoka, zikafuata za Kyela, za Mbeya, ya Muscat, ya Mwezini. Makanisa mengine ya jimbo yakaaga, yakaendelea na ibada zao. Baadhi ya watu wa Itekelo wakashuka kwenye chai, wengine wakiwabeba watoto waliolala. Hakuna aliyewanyooshea kidole. Lakini waliobaki walikuwa wengi kuliko Atupele alivyotegemea. Waliketi kwenye nyasi kando ya makaburi ya watu wao, wakazima taa.

Lugano alifika mpaka langoni. Akasimama. Kisha akarudi, akaketi kwenye benchi, mwisho kabisa, mbali kidogo na Bibi Syabumi, ambaye alikuwa na shali ya mwanawe magotini.

“Sogea,” Bibi Syabumi akasema. “Benchi hili alilichonga baba yako. Si langu.”

“Nimekaa vizuri, Bibi.”

“Umekaa kama kuku wa mvua. Sogea.”

Lugano akasogea kidogo.

Mashariki pakaanza kuwa na rangi. Nyota ndogo zikazimika, kisha kubwa. Mshtarii ilikaa mpaka mwisho, ikafifia, ikawa kama alama ya sindano kwenye kitambaa cha buluu, na jua lilipochomoza haikuonekana tena. Atupele aliendelea kutazama palepale. Ipo, alijiambia. Haijaondoka. Ni sisi tumejaa mwanga.

Ukungu ukapanda, ukatawanyika. Wale wa chai wakaanza kurudi mmojammoja, vikombe mkononi, kuuliza kama imefika. Haikuwa imefika. Muda wa kila Jumapili ulikuja, ukapita. Shali magotini mwa Bibi Syabumi ilikuwa baridi.

Atupele alipitisha mkono, akaurudisha. Aliikagua mitambo. Yote ilikuwa sawa. Mchungaji alimtazama, naye akatikisa kichwa. Ambokile hajawahi kukosa. Alifikiria mabomba ya hewa, na jinsi ukuta wa chombo ulivyo mwembamba, na giza lililo upande wa pili. Alifikiria kile kisanduku mezani, ambacho kisingekosa hata siku moja.

“Bibi,” Lugano alisema ghafla, kwa sauti ndogo, “unaogopa?”

“Naogopa,” Bibi Syabumi akasema.

Lugano akasogea mpaka mabega yao yakagusana. Ndege walikuwa wameamka kwenye migomba, na mahali fulani bondeni jogoo alikuwa anawika kama aliyechelewa kazini.

Bibi Syabumi akashtuka, akaishika shali kwa mikono miwili.

“Imepata joto,” alisema.

Kikohozi kikaja. Lakini hakikufuatwa na Amina.

“Mama, shikamoo. Wapendwa, mtusamehe, leo tumechelewa.” Sauti ya Ambokile ilikuwa imekwaruza, kavu, si ile ya kwenye Mwangwi. Ilikuwa ya mtu aliyezeeka kidogo. “Wenzangu hapa walikuwa wakiniona kila wiki nimekaa na shali nikingoja sala yenu ifike. Waliniuliza, nikawaeleza. Wengine si wa dini yetu, na mmoja anasema hana dini. Lakini wameomba kukaa nami. Sasa leo mmoja wetu alikuwa nje ya chombo, anafunga bomba. Nikawaambia, kwetu sala haifungwi mpaka wa mbali afike. Tukamngoja. Ameingia sasa hivi, hata kofia ya hewa hajavua.”

Kukawa na kishindo cha viti na kunong'ona. Kisha wakaitikia.

Hazikuwa pamoja. Zilikuja kwa lafudhi za mataifa ambayo Itekelo hawakuyajua, nyingine fupi, nyingine ndefu, moja ya mwanamke aliyekuwa anahema, kana kwamba amekimbia. Nyingine ilikosewa, mwenyewe akacheka, akairudia. Ya Ambokile ilikuwa katikati yao, haikuwa kubwa kuliko nyingine.

Shali ilikuwa imefumwa kwa mtu mmoja. Joto la wote lilipoingia ndani ya uzi, Bibi Syabumi hakuweza kuishika. Akaikunjua haraka, mkunjo baada ya mkunjo, joto likipanda kutoka humo kama kutoka kwenye chungu kilichofunuliwa. Akamtandikia Lugano mabegani upande mmoja, na upande wa pili akamvuta Atupele kwa mkono mpaka akakaa. Bado ilikuwa inapumua, lakini haikupumua tena kwa mwendo mmoja.

Atupele alifumba macho. Kisanduku kingewapa Amina moja, ileile, milele. Hakikuweza kujua kwamba zimekuwa nyingi.

“Sasa na sisi huku tumesali,” ilisema sauti ya Ambokile. “Tumewaombea, na mzee wetu Angolwisye, habari zake zimetufikia. Tutakaa hapahapa. Tunangoja Amina yenu.”

Mpaka siku hiyo watu wa Itekelo walidhani wao tu ndio wanaongoja. Mchungaji Gwakisa alikuwa anafuta uso kwa mkono wa kanzu yake.

Lugano ndiye aliyesimama. Shali ikamng'ang'ania mabegani.

“Tusiwacheleweshe,” alisema.

Wakasimama wote, wenye vikombe wakaviweka chini kwenye nyasi. Wakasema Amina mara moja, kwa nguvu zao zote, na ilipotoka vinywani mwao ilikuwa imeshaondoka. Iliuacha mlima, ikaliacha jua la asubuhi. Ikampita yule kijana wa Mwezini, naye akaiongezea ya kwake. Ikaingia gizani ikielekea mahali ambapo watu wachache walikuwa wamekaa kimya, mmoja wao na kofia ya hewa mapajani, wakingoja.